Mikojo ya Yaya Albertine

Siku tulimuzika yaya Albertine, dada yangu mukubwa, familia ilinisukuma mbele ya bantu. "Sofi, weye njo unajua kuchekesha, sema hata neno moja." Minye niko hivyo: ku arusi bananipa micro ya kusemea, ku kilio bananipa kiti ya mbele, juu banajua hawatalia peke yabo. Nilisimama. Nikaeleza namna yaya alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo, mpaka jirani wa tatu anapiga hodi na sahani mu mukono, na namna alikuwa anasinzia mu misa na macho wazi, padiri anafikiri huyu mama anasali kupita bote. Bantu balicheka, nikakaa. Lakini kitu nilitaka kusema haikuwa ile. Huwezi kusimama karibu na sanduku ya maiti na kusema: bandugu, minye na huyu dada yangu, kitu ilikaribia kututenga milele ni mikojo, na kitu iliturudisha pamoja ni mikojo. Njo maana ninaandika. Masomo yangu ilikufia mu mwaka ya tano ya sekondari, na hata ile ya tano sikuimaliza, kwa hiyo nitaandika sawa vile ninasemaka. Na ninasemaka sana.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanzo ya miaka ya tisini. Masomo ilifungwa juu balimu habakulipwa, na minye, kusema kweli, sikulia hata kidogo. Nilihamia kwa yaya ku Likasi, mu kamp ya bafanyakazi, nyumba ya vyumba mbili na jikoni ya inje, ukuta ya jikoni mweusi sawa sufuria. Shemeki Donat, bwana yake, alikuwa fundi ku usine, kiwanda ya shaba. Kila asubui anavaa kofia ya kazi, anaenda, anakuta mashine inalala, anarudia saa ine na ile kofia safi. Ile mwaka tuliogopa kila kitu. Tuliogopa baaskari, tuliogopa kipindupindu, tuliogopa kelele ya vijana mu barabara. Nyumba ya ku mukono ya kuume ilikuwa tupu: benyewe balifukuzwa juu ya kabila yabo, balienda kulala ku gare na magodoro na batoto, kungojea treni. Sahani yabo moja ilibakia pa dirisha, na hakuna mutu alithubutu kuigusa. Hata leo nikisikia mulango inapigwa kwa nguvu, ninasimama kwanza, kisha ninakumbuka kama mu nchi hii kuko pia bantu benye banapigaka mulango juu ya kuomba chumvi.

Lakini mu nyumba yetu woga mukubwa ilikuwa mu tumbo ya yaya. Alikuwa alisha kubeba mimba mbili mbele, na zote mbili mutoto alikufia ndani ku mwezi ya munane, bila homa, bila damu, bila kuanguka. Siku moja anacheza, kesho yake kimya. Hii ilikuwa mimba ya tatu. Ku hospitali ya pale kulikuwa dokta Kasongo, mutu mufupi na miwani ya kufungwa na waya, mwenye alisoma mbali na kurudi na sanduku ya machupa. Alikuwa anafuata banamuke benye walipoteza batoto namna ile. Kila wiki mbili kila mumoja analeta mikojo yake ya siku nzima, masaa makumi mbili na ine, mu bidon moja, dumu ya plastiki. Ya kwanza ya asubui unaitupa, kisha zote zingine unatia ndani, mpaka na ya kwanza ya asubui yenye inafuata. Na ukisha kuzala haujamaliza: unaendelea kuleta, juu dokta alitaka kuona namna ile kitu inashuka.

Ile kitu, ni muzee Ilunga alinielezea. Muzee Ilunga njo alikuwa peke yake mu laboratoire, blouse yake ya kazi na matobo ya asidi sawa kichujio. Minye njo nilikuwa ninabeba bidon ya yaya ku kichwa, mwendo ya nusu saa, na batoto ya kamp balinipa jina: Mademoiselle Pipi, ku Kifaransa ni Bibi Mikojo. Nilikuwa ninabajibu: "Mungojee, nyinyi pia mutazeeka!" Kisha ninasimama pa mulango ya labo na kuuliza mingi.

"Ni homoni, mutoto yangu," muzee Ilunga alisema. "Mutoto mu tumbo anaanza kuitengeneza, na ile nyama inatokaka nyuma ya mutoto inaimaliza. Bote mbili banafanya kazi sawa usine. Inapita mu damu ya mama, inatokea huku." Akapiga bidon na kidole. "Mutoto akikomaa, inapanda kila wiki. Ikishuka, ujue mule ndani mufanyakazi anachoka."

"Sawa usine ya shemeki yangu."

"Nyamaza, wasikusikie."

Alikuwa anachemsha mikojo na asidi, anatia dawa yake, anangojea rangi. Mimba ya nguvu inatoa pinki yenye kukolea, sawa rouge ya midomo ya bibi arusi. Nilikuwa ninapenda ile pinki. Nilikuwa ninaenda kumuambia yaya: "Mutoto yako leo amejipaka," na yaya anaweka mukono pa tumbo, anacheka polepole, sawa mutu mwenye anaogopa kumwaga kitu.

Sasa Mama Feli. Ni mama ya shemeki Donat. Alifika na godoro yake ku mwezi ya tano ya mimba kwa kulinda mujukuu, na alileta na kikundi yake ya maombi. Ku yeye, mikojo ya mwanamuke ya mimba haitembee inje. Mutu mubaya akiipata, akiichanganya na ya kwake, amefunga mimba: mutoto hataweza kutoka muzima. Si yeye peke yake aliamini vile, barabara muzima iliamini, na mu roho yangu minye pia, hata kama nilikuwa ninacheka. Alikubali mambo ya dokta kwa sharti moja: kila asubui ya bidon, alipiga mustari na kalamu ya Bic pa kimo ya mikojo, na tarehe. Muzee Ilunga alipashwa kuangalia kama mikojo ingali pa mustari na kuandika ku kikaratasi "imefika yote". Nikirudia, Mama Feli ananyoosha mukono mbele hata sijasema mbote ya salamu. Anasoma kikaratasi polepole, kidole chini ya kila neno, kisha anaikunja na kuitia mu kitambaa ya kichwa. Tuko tunacheka naye leo, lakini yule mama alikuwa alizika bajukuu mbili benye hakuona hata macho yabo.

Ilikuwa wiki ya makumi tatu na kitu ya mimba, asubui ya jua kali. Karibu na soko baaskari balikuwa balifunga barabara na kamba na tairi. Balikuwa bane. Mumoja, mukonda, bunduki yake ikifungwa na kamba ya viatu, aliniita.

"Weye, unabeba nini?"

"Mikojo, chef."

Ninaapa, maisha yangu yote nilisema bongo, uongo mutupu, ku bantu bote, ku balimu, ku mapadiri, ku bachumba. Ile siku moja nilisema kweli kwa mara ya kwanza, njo ikaniletea mambo. "Unanichezea? Ni lutuku. Fungua." Nikashusha bidon, nikaifungua. Alifikiri kweli ni pombe ya kupika: aliinama, akaingiza pua yote, akavuta harufu sawa mutu anasikia maua. Kisha akaruka nyuma. Benzake balicheka mpaka mumoja akakaa pa tairi. Na minye nikacheka. Kidogo tu, ilinitoka. Ninaishi na kazi ya kuchekesha bantu, lakini ile siku nilijifunza kama hakuna kitu ya hatari kupita mutu na bunduki mwenye benzake banamucheka. Uso yake ilifunga. Alipiga bidon teke, ikaanguka, akaweka mudomo ya bunduki hapa, chini ya shingo yangu. Ilikuwa ya moto juu ya jua. Nilisikia mikojo ya yaya inatembea mu vumbi, inapita mu vidole vya miguu yangu, na sikuthubutu kuinama. "Cheka tena," alisema. Sijui ilikuwa muda gani. Mukubwa yabo akamuambia: "Acha huyo kichaa," njo akatoa bunduki. Nikaokota bidon, nikatembea. Sikukimbia.

Nyuma ya ukuta ya depo moja yenye ilifungwa, niliangalia. Ilibakia nusu. Mustari ya Mama Feli ilikuwa kule juu, bleu, na tarehe yake. Bandugu, mufikiri na minye. Nikifika na nusu, muzee Ilunga anaandika "imepunguka". Nikirudia na ile kikaratasi, Mama Feli anauliza: nusu ingine iko kwa nani? Na nitajibu nini, askari alimwaga? Dada mudogo ya mwanamuke, binti bila mutoto, mwenye anakaa mu nyumba yenye batoto mbili balisha kufa, anapoteza nusu ya mikojo mu njia. Mu ile mwaka nilikuwa ninajua batoto na babinti benye balifukuzwa mu nyumba zabo sawa bachawi juu ya kitu kidogo kupita ile. Basi nikachuchumaa, nikajazisha na yangu. Woga ilinisaidia, ilitoka mingi kupita vile ilihitajika. Nilifika sawasawa pa mustari. Ku labo muzee Ilunga akaangalia, akaandika "imefika yote". Na Mama Feli akasoma, kidole chini ya kila neno.

Siku ya ine dokta Kasongo akaita shemeki Donat na yaya. Minye nilibakia mu koridoro, pa benchi, na mulango ilikuwa bila kitasa; kitasa balisha kuiba. Nilisikia yote.

"Namba imeanguka," dokta alisema. "Imeanguka kwa nusu, mu wiki mbili. Mara zile mbili za mbele hakuna mutu alipima, hatukujua. Sasa tunajua."

"Maana yake nini, dokta?" Ni sauti ya shemeki Donat.

"Maana yake sitangojea mutoto afe. Tunamutoa kesho asubui kwa operation."

"Ni mwezi ya saba na kidogo, dokta."

"Ninajua. Couveuse, ile sanduku ya joto ya batoto, haiwake, courant ya umeme haiko. Tutamufunga mu pamba na machupa ya maji moto. Sitakudanganya, papa Donat: akitoka sasa, mudogo vile, mara mingi banakufa. Lakini akibakia mule, huyu anakufa kwa hakika. Weye utafute mafuta, essence ya groupe ya umeme, na uzi, na gants ya mikono."

Nilisikia kiti ya yaya inalia. Minye, pa benchi, nilielewa polepole, sawa mutu mwenye anaona maji inaingia chini ya mulango. Namba haikuanguka. Namba ilikuwa yangu. Nusu ya ile bidon haikuwa na mutoto ndani.

Balimulaza yaya pale pale. Ku nyumba Mama Feli alipika bukari, ni ugali yetu, na samaki ndakala, akaipakua, na hakuna mutu aliinua mukono. Ile bukari ilikauka pale mbele yetu, ikapasuka juu sawa udongo. Mangaribi kikundi ya maombi ilifika na pasteur yabo, mutu ya sauti tamu. Aliomba murefu. Kisha akafungua macho na kusema: "Adui iko ndani ya nyumba. Mungu ananionyesha mutu wa karibu, mutu wa kucheka-cheka." Hakuniangalia. Haikuhitaji aniangalie. Mama Feli njo aliniangalia, na mara ya kwanza hakukuwa hasira mu macho yake, ilikuwa woga. Yule mama mwenye alikuwa ananipigaka na mwiko aliniogopa. Nikajua: nikinyamaza, kesho banakata tumbo ya dada yangu mu chumba bila mwangaza na kutoa mutoto mwenye hana ugonjwa. Nikisema, minye njo nitakuwa nimesema na kinywa yangu: ndiyo, nilichanganya mikojo yangu na ya mwanamuke wa mimba. Hakuna mulozi, muchawi, mu Likasi yote alisha kuungama wazi vile.

Sitajisifu. Asubui nilienda ku hospitali na mawazo ya kukimbia ingali mu kichwa. Nilikuwa hata nimevaa viatu vya safari. Lakini pa veranda nilikuta shemeki Donat na kopo ya essence mu mukono, anaishika na mikono yote mbili sawa mutoto, na nikaingia ku muzee Ilunga. Nikamuambia. Alikaa pa kiti. Akanishika mukono, akanipeleka mbio ku dokta, na dokta akatoa miwani, na swali yake ya kwanza, ninaikumbuka mpaka leo, haikuwa "kwa nini".

"Ulitia kiasi gani?"

"Nusu, dokta."

"Nusu," alisema. "Ilunga, na namba imeanguka kwa nusu." Kisha akasimama. "Kuja useme mbele yabo. Ni yeye anakatwa, si minye."

Yaya alikuwa alisha kuvaa kanzu ya operation, inafungwa nyuma. Shemeki Donat ku mukono moja, Mama Feli ku ingine. Nikasema yote, askari, bunduki, ukuta, mustari. Mama Feli aliruka. "Alichanganya! Bantu, mumesikia? Alifunga mimba!" Dokta akapiga meza: "Mama, hakufunga kitu! Aliharibu kipimo, njo yote!" Kisha akamugeukia yaya, sauti chini. "Albertine. Dawa ya kupimia iko kwa mara moja tu, kisha imeisha, na sijui kama ingine itakuja. Tunaweza kukusanya tena, leo mpaka kesho. Lakini kama dada yako anadanganya juu anaogopa operation, mutoto anaweza kufa mu ile siku moja. Ni weye useme."

Yaya akaniangalia. Njo pale nililipa kila mchezo nilichezea dunia. "Sofi," aliuliza, "ni kweli, ao ni michezo yako ya siku zote?"

"Ni kweli, yaya."

Alivuta shuka, akafunika tumbo yake, akaificha mbele yangu, mpaka nisiione. Akageukia ukuta. "Tungojee," alisema.

Ile siku moja haina kitu ya kuchekesha, nimetafuta. Shemeki Donat mwenyewe njo alikaa na bidon mu miguu. Balinikataza kuingia mu chumba. Nilikaa pa majani inje, kila mara mama muuguzi anapita mbio ninakufa. Saa zingine Mama Feli alikuwa anatokea pa dirisha kuangalia kama ningali pale. Kesho yake saa munane muzee Ilunga alitoka mu labo na kachupa mu mukono, juu, mu jua, na hata mbele aseme niliona. Pinki. Pinki yenye kukolea, haya kabisa haina. Shemeki Donat alimwangusha muzee wa watu kwa kumukumbatia, kidogo kachupa ipasuke. Nilisimama kwa kuenda ku yaya, na Mama Feli akasimama pa mulango. "Weye, hapana," alisema. "Namba ni ya dokta. Mu nyumba yangu, hapana."

Nilienda kwa shangazi yangu kule Tshangalele, pa ziwa, kukausha samaki, moshi mu macho, na masomo ilipofunguliwa sikuwa pale kwa kujua. Yaya alizala ku mwezi ya tisa, mwanaume. Balinitumia habari na mutu wa baiskeli, maneno tatu. Hakuna mutu aliniita. Niliambia shangazi ni vizuri, batoto bachanga bananisumbuaka na kelele, na shangazi akanipa samaki mingi ya kugeuza, bila kujibu.

Kisha wiki sita zikapita, na yule wa baiskeli akarudi: yaya anasema ukuje, ni siku ya bidon ya mwisho. Nilimukuta yaya inje ya kamp, pa barabara, hakutaka nifike ku nyumba. Mutoto ku mugongo, bidon pa majani. Yeye alikuwa amenenepa shavu. Hatukusalimiana vizuri.

"Beba," alisema.

"Mama Feli anajua?"

"Beba, inalemea."

Hakukuwa mustari ku ile bidon. Niliizungusha mara mbili kuitafuta. Tulitembea, yeye mbele, minye nyuma, na karibu na soko, pale baaskari hawakuwa tena, alisema bila kugeuka: "Nilikuogopa, Sofi. Ile siku nzima nilikuogopa. Nilisema tungojee, lakini nilikuogopa." Nilisema: "Minye pia nilijiogopa."

Dawa ilikuwa imepatikana kidogo. Muzee Ilunga alichemsha, akangojea, akatuonyesha kachupa: maji-maji, sawa chai ya mutu maskini. Nilishituka, nikashika meza. Muzee akacheka. "Njo vile inapashwa. Usine imefunga, mutoto yuko inje. Sasa mikojo ya dada yako iko sawasawa na ya kwako, Mademoiselle. Hata ukichanganya, sitaona."

Ilikuwa mchezo, lakini minye sikucheka. Sikuthubutu kuangalia uso ya yaya. Nilisikia anafungua kikwembe ya ku mugongo, fundo ya juu, fundo ya chini. Kisha akanitia mutoto mu mikono. Nilikuwa sijamugusa hata mara moja. Alikuwa wa moto, mzito, kichwa yake inanuka maziwa na moshi ya jikoni yetu, na aliniangalia murefu sawa Mama Feli anasoma kikaratasi. Akakunja uso. Akanikojolea, kifua mpaka magoti, na minye nikasimama pale, sikumurudisha.